Singeli, tekno na wanaosema "hayo mambo ya Wazungu"

Kila nikiaga hapa Area D, Dodoma, kwamba napanda treni kwenda Dar kucheza singeli, muziki wa kasi unaotengenezwa kwa kompyuta, nasikia maneno yale yale.

"Muziki wa mashine ni wa Wazungu."
House, muziki wa dansi wa mashine, ilipata jina kutokana na klabu ya Warehouse, Chicago, alikokuwa DJ Frankie Knuckles, Mmarekani mweusi, tangu 1977. Tekno, ndugu yake house, ilitoka Detroit kwa vijana weusi: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Berlin ilikuja baadaye. Klabu yake maarufu ya Tresor ilifunguliwa 1991, Ukuta ukiwa umeshaanguka, ndani ya chumba cha chini kilichowahi kuhifadhi fedha za duka kubwa.

"Singeli ni kelele za wahuni."
Hapa huwa napandisha sauti. Singeli imezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale. Nyuma yake kuna mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochoka. Kuna taarabu pia: kipande kinakatwa, kinaongezwa kasi, kinazungushwa kwenye kompyuta. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, mengine yanakaribia 300, wakati house inatembea kwenye 120 na ushee. Juu ya mbio hizo mtu anachana Kiswahili kinachoeleweka. Jaribu ubeti mmoja tu, halafu tuzungumze habari ya kelele. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, na masikio ya Ulaya yakageuka.

"DJ anabonyeza tu."
Wapo, tusidanganyane.

"Sisi wa Dodoma hayatuhusu."
Klabu za hapa ni bongo fleva na amapiano, sawa. Lakini Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu, mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada, ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze zikikutana na mitambo ya studio. Sikiliza ilimba inavyorudia mzunguko wake, kila ukirudi umebadilika kidogo. Ndiyo kazi ya DJ hiyo.

"Masikio yakivuma, yanazoea."
Hayazoei, yanaumia. Shirika la Afya Duniani limependekeza sauti kwenye kumbi za muziki isizidi wastani wa desibeli 100. Mimi natembea na vizibo vya sponji. Mlinzi mmoja wa mlangoni alivikagua kwa tochi akidhani ni vidonge.