Stako ni nini, na ya kuchanganya mwenyewe ina tofauti gani na ya mfuko?

Stako ni lipu ya nje tu jamani, msitishwe na jina. Simenti, mchanga, chokaa kidogo na maji, ila inapigwa kwa matabaka, la kwanza unalikwaruza likiwa bado bichi ili linalofuata lishike, halafu la juu kabisa ndo linabeba rangi au urembo.

Ya kuchanganya mwenyewe inategemea kipimo. Wengi wanaenda simenti moja kwa mchanga nne au tano. Mfuko wa simenti wa kilo 50 una kama lita 35, kwahiyo ukienda moja kwa nne ni ndoo saba za lita 20 za mchanga. Ndoo, sio beleshi! Beleshi la asubuhi linajaa, la saa tisa saidia fundi kashachoka halijai, ndo maana unakuta ukuta mmoja upande mgumu upande unamomonyoka ukiugusa na funguo.

Halafu mchanga. Huku kwetu Arusha mwingi ni ule mweusi wa volkano wa makorongoni, mzuri lakini mara nyingi unakuja na vumbi na udongo, na udongo unazuia simenti isishike, lipu ikikauka inapasuka. Kabla lori halijamwaga chukua chupa ya maji, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, iache itulie. Tope likikaa juu nene, mimi siupokei mzigo huo.

Ya mfuko imeshapimwa kiwandani ikiwa kavu, wewe unaongeza maji kwa kiasi kilichoandikwa basi. Kipimo hakibadiliki, ila kwa nyumba nzima naona ni hasara, unanunua mchanga kwa bei ya dukani wakati lori la mchanga linapita mlangoni. Kwa kuziba nyufa au kaukuta kamoja ka mbele, nunua tu. Na msidhani ni kitu kimoja na waliputi, ile ni ya kulainisha juu ya lipu, milimita moja mbili hivi.

Zote mbili ukishatia maji tumia ndani ya kama masaa mawili, ikianza kukaza usiongeze maji tena. Kisha mwagilia siku saba, na wa Moshi mjini jua lenu ni kali kuliko letu, fuateni kivuli mnapopiga, na ukuta unaotazama magharibi mwagilieni hata mchana.