"Mkaa Hauozi," Eti

Jumamosi nimeisikia tena. Kijana muuzaji wa bayochari, yaani mkaa wa kutia udongoni, kasimama mbele ya wakulima: "Ukiitia hii shambani, kaboni yake haiondoki miaka elfu!" Makofi. Nikaomba kipande, nikakivunja. Ndani kahawia, harufu ya moshi, vidole vikabaki na lami. Hayo ni magunzi yaliyobabuka, basi.

Mkaa si kitu kimoja. Uliochomwa kwa nyuzi 350 za Selsiasi na wa nyuzi 650 hufanana rangi tu. Joto likipanda, haidrojeni hutoka na kaboni hujifunga katika pete zilizoshikana, ambazo bakteria na kuvu huzimega kwa taabu. Ndiyo maana tunapima uwiano wa atomi za haidrojeni kwa za kaboni: ukizidi 0.7, ondoa gunia lako. Ukiwa chini ya 0.4, tuongee karne. Makadirio ya 2019 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, yanasema baada ya miaka 100 hubaki asilimia 65 ya kaboni ya mkaa wa joto la chini, 80 ya wa kati, na 89 ya uliopita nyuzi 600. Miaka mia, jamani. Elfu imetoka wapi?

Najua, mtaniambia udongo mweusi wa Amazon, ule waliouachia mkaa wenyeji wa kale. Kweli, una mkaa mkongwe sana. Lakini tunauona uliobaki. Uliotoweka nani aliuhesabu?

Sasa kuna na wabishi wa upande wa pili, na hawa ndio hunikera zaidi. Wameushika utafiti wa 2008 wa magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba yaliyofyekwa msituni kwa moto miaka tofauti. Katika sentimita 10 za juu, kaboni ya mkaa ilishuka kutoka gramu 12.7 kwa kilo ya udongo hadi 3.8 ndani ya miaka 30, kisha ikakaribia kutulia. "Unaona? Unaoza!" Hapana. Umepungua *pale*. Mkaa ni mwepesi, unaelea. Mvua za kwanza zikishapiga, shuka chini ya shamba la mteremko uangalie: utakuta mstari mweusi wa chembe umelala kwenye mfereji. Kule Colombia watafiti walipima hewa inayotoka udongoni kwa miaka miwili: iliyotoka kama kaboni dayoksaidi haikufika asilimia 3 ya mkaa waliotia, ila sehemu kubwa zaidi haikuonekana tena, na wakashuku umesombwa na maji ya mvua. Kwa mkulima huo umepotea. Kwa anayehesabu kaboni ya angani, huenda umelala salama kwenye tope la mto. Maswali mawili, na watu wanayajibu kwa namba moja.

Nami nikiri. Namba ninazotumia zimetoka zaidi kwenye chupa za maabara. Jaribio refu ninalolijua vizuri lilikwenda miaka 8 na nusu, likapoteza kama asilimia 6. Kilichobaki ni kuchora mstari kuelekea karne zijazo. Ni kumtazama mtoto akitambaa kisha utaje umri atakaofia. Udongo wetu wa joto nao huharakisha mambo. Lakini sina hesabu nyingine, kwa hiyo naitumia hiyo hiyo.

Baada ya kikao kijana alinifuata kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu. Basi niandike miaka mia kwenye gunia?" Nikamuuliza pipa lake la kuchomea mkaa hufika nyuzi ngapi.

"Mpaka liwe jekundu," akasema.