Kuendesha TV na muziki wa nyumbani kwa kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akisikia kwamba TV ya sebuleni, sabufa na nyimbo zote za nyumbani vinaweza kuendeshwa na kompyuta moja, kwanza huwaza gharama, kisha bando. Yote mawili yana majibu mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila kabla ya kuzigusa dhana zenyewe, kuna jambo la kuliweka sawa, maana karibu upotofu wote unachipuka hapo: amri ina njia yake, na sauti au picha ina njia yake. Ukibonyeza "cheza" kwenye simu, kinachosafiri ni ujumbe mfupi mno. Wimbo wenyewe hautoki kwenye simu. Unatoka kwenye diski ya kompyuta na kuingia kwenye amplifaya kwa waya. Ukizitenganisha njia hizo mbili, mengi yanayokuja hapa chini yanaeleweka haraka.

"Bila intaneti hakuna kinachofanya kazi"

Dhana hii inawakatisha tamaa watu wengi, nayo si kweli. Simu na kompyuta zikiwa kwenye ruta moja zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Ruta haihitaji hata laini yenye salio, kwani kazi yake hapo ni kuzikutanisha tu. Bando likiisha usiku, filamu iliyo kwenye diski inaendelea, na simu inaendelea kuwa rimoti bila kula hata MB moja.

Mfano mzuri ni Kodi. Hii ni programu ya bure ya kucheza muziki na video. Ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, ikajulikana kama XBMC, na jina la Kodi likaja 2014. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya huduma, uwashe uendeshaji wa mbali kwa HTTP (njia ile ile ya kurasa za wavuti), kisha weka jina la mtumiaji na nywila. Halafu chukua simu, fungua kivinjari, andika anwani ya kompyuta ikifuatiwa na nukta mbili na 8080, kwa mfano 192.168.1.20:8080. Albamu zako zote zitajipanga hapo kwenye simu. Ukigusa moja, spika zinaitika. VLC, programu nyingine ya kucheza video, nayo ina ukurasa wa namna hiyo hiyo. Anayetaka programu kamili ya Android anayo Kore, iliyotengenezwa na wenyewe wa Kodi.

Intaneti inakuja kusaidia kwa mambo mengine, kama kuvuta picha za majalada, maelezo ya filamu na masasisho. Hayo unaweza kuyamaliza siku ukiwa na bando, baada ya hapo usiyahitaji tena kwa muda mrefu.

Kuna pia wanaotaka nyimbo zenyewe zipite hewani, kwa mfano kutoka kompyuta ya chumba kingine, wakahofia kwamba Wi-Fi yao dhaifu itazikatakata. Tupige hesabu. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, chaneli mbili, ambayo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hiyo haifiki megabiti moja na nusu. Ruta ya zamani kabisa, ya zile za megabiti 54, inabeba mzigo huo bila shida hata kama kwa uhalisia inatoa chini ya nusu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Video nzito za 4K ndizo zinazostahili waya.

"Lazima kompyuta iwe na nguvu na RAM kubwa"

Wauzaji wanalipenda wazo hili. Kwa kazi ya kucheza video, RAM si ya kwanza kuangaliwa. Cha kuangalia ni kama prosesa ina sehemu maalumu ya kufumbua aina ya video unayoitumia. Kompyuta mpakato yenye chipu ya Intel ya mwaka 2011 hucheza video ya 1080p ya H.264, aina ya ubanaji iliyozoeleka, bila hata kuzungusha feni kwa nguvu, kwa sababu sehemu hiyo imo ndani ya chipu. Ipe faili la HEVC, aina mpya zaidi ya ubanaji, la biti 10 kwa rangi, itatoka jasho na picha itarukaruka, hata ukiijaza RAM GB 16. Kwa upande wa Intel, HEVC ya biti 10 ilikaa sawa kuanzia chipu za kizazi cha saba.

Upande wa kompyuta ndogo, Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye ubao mmoja mdogo, iliingia sokoni Februari 2012 kwa bei ya dola 35. Toleo la 4, lililotoka 2019, linafumbua HEVC ya 4K. Kwa muziki peke yake, hata toleo la kwanza linatosha na kubaki.

Umeme nao ni hesabu ya wazi. Kompyuta ndogo ya aina hiyo inakula wati 5 hivi. Iache usiku na mchana kwa siku 30, utakuwa umetumia uniti 3.6. Kompyuta ya mezani ya wati 80 ikiachwa hivyo hivyo itakula uniti 57.6. Anayenunua umeme kwa LUKU au kwa tokeni anaijua tofauti hiyo bila kufafanuliwa. Kama mashine uliyonayo ni ya mezani, usiiache inawaka, ila ilaze na uiamshe kwa mtandao. Ujumbe wa kuiamsha ni baiti 102 tu: baiti sita zilizojazwa FF, kisha anwani ya kadi yake ya mtandao ikirudiwa mara 16. Mara nyingi hilo linataka kompyuta iwe imeunganishwa na ruta kwa waya.

"Kompyuta inaweza kucheza video, lakini haiwezi kuiwasha TV"

Inaweza, na kuna zaidi ya njia moja.

Ya kwanza imo ndani ya kebo ya HDMI uliyonayo tayari. Pini namba 13 ya kebo hiyo ni ya CEC, njia ya vifaa kupeana amri. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, na kwa sababu ya majina hayo wengi hawajui kwamba ni kitu kimoja. Kupitia CEC kompyuta inaiwasha TV na kuigeuza ije kwenye tundu lake la HDMI. Kinyume chake pia kinawezekana: vitufe vya mishale vya rimoti ya TV vinaiendesha Kodi. Hapa kuna kikwazo kinachowachosha watu bure. Kadi nyingi za picha za kompyuta za mezani na za mpakato hazina CEC, hata kebo iwe nzuri namna gani. Raspberry Pi inayo tangu toleo la kwanza. Kwa kompyuta nyingine kuna adapta ya USB ya Pulse-Eight.

Njia ya pili ni mtandao wenyewe. Amplifaya nyingi za Denon na Marantz zenye tundu la mtandao hupokea amri za maandishi kupitia mlango namba 23, yaani namba ya huduma kwenye mtandao, si tundu la kuchomeka waya. Unaandika PWON, inawaka. MV40, sauti inakwenda 40. MUON, inanyamaza. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inajibu: mtu akienda kuzungusha kitufe cha sauti kwa mkono, namba mpya inajitokeza kwenye skrini ya kompyuta papo hapo. Projekta nyingi za ofisi zinazouzwa mitumba zina tundu la RS-232 lenye pini tisa, nazo zinapokea amri za maandishi kwa waya huo. Fundi anayekuambia projekta ya zamani haiendeshwi na kompyuta hajaligeuza upande wa nyuma akatazama.

Ya tatu ni miale ya infraredi, na hii ndiyo ya sabufa, vingamuzi na TV za zamani. Rimoti nyingi hutuma miale inayowaka na kuzima mara 38,000 hivi kwa sekunde, huku mpangilio wa mapigo ukibeba namba ya kifaa na namba ya kitufe. Macho hayaioni, lakini kamera ya simu mara nyingi inaiona: elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele, bonyeza kitufe, utaona taa ya zambarau ikimetameta. Kompyuta ikiwa na kipokezi cha infraredi inajifunza mapigo hayo kutoka kwenye rimoti yako, na ikiwa na taa ya infraredi inayatuma yenyewe. Kwenye Linux kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na programu ya LIRC.

"Nikishatuma amri ya kuwasha, kifaa kimewaka"

Hapa ndipo mifumo mingi ya nyumbani inapoharibikia, na ningependa kila anayeanza alisome hili kabla ya kununua chochote. Infraredi inakwenda upande mmoja tu. Kompyuta inatuma, sabufa haijibu. Halafu kitufe cha kuwasha cha vifaa vingi ndicho hicho hicho cha kuzima. Umeme ukikatika na kurudi, TV inabaki imezimwa huku kompyuta ikiamini inawaka. Saa moja usiku inatuma amri ya "kuzima", na TV inawaka yenyewe chumba hakina mtu. Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kinyumenyume, na mwenye nyumba anaamini programu ni mbovu.

Programu haina kosa. Ilichokosa ni habari, na habari inaweza kutafutwa. Kwanza, vifaa vingi vina amri za siri za infraredi zisizo na kitufe kwenye rimoti: moja ya kuwasha tu, nyingine ya kuzima tu. Zikipatikana, kosa hilo linaisha, kwa kuwa kuwasha kilichokwisha kuwaka hakuna madhara. Pili, TV nyingi hutoa volti 5 kwenye tundu la USB zikiwa zimewaka tu. Waya mdogo kutoka tundu hilo hadi kwenye kipimo kinachosomwa na kompyuta unaipa jibu la hakika. Pima kwanza TV yako, kwa kuwa zipo zinazoacha tundu hilo na umeme muda wote. Tatu, kama kifaa kina CEC au mtandao, tumia hiyo na infraredi ibaki kwa vile visivyo na njia nyingine.

Kukatika kwa umeme kuna madhara mengine pia. Raspberry Pi inayozimwa ghafla wakati inaandika inaweza kuharibu faili kwenye kadi ya memori, na siku hiyo haitawaka. Weka nakala ya kadi pembeni, na nyimbo zako zikae kwenye diski nyingine.

"Muziki wa kompyuta hauna ubora wa deki ya CD"

Faili la FLAC, aina ya faili la muziki linalobana bila kupoteza, linabeba CD yote bila kupunguza hata biti moja, kwa takribani nusu ya ukubwa. Namba zikitoka kwa USB, kwa HDMI au kwa waya wa mwanga, amplifaya inapokea kile kile kilichorekodiwa. Ubora unapotea kwingine. Bluetooth ya kawaida inaubana muziki hadi kilobiti 328 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kukusanya FLAC kisha kuzituma kwa Bluetooth ni kutupa ulichokihifadhi.

Na ule mvumo unaosikika kwenye spika ukiunganisha kompyuta mpakato kwa tundu la hedifoni, mara nyingi unatoka kwenye chaja. Chomoa chaja, acha betri ifanye kazi. Mvumo ukikata, umeshajua: umeme unazunguka kati ya chaja na amplifaya kupitia waya wa sauti. Dawa ni waya wa mwanga kama amplifaya ina tundu lake, au kitenganishi kidogo cha transfoma katikati ya waya. Kubadilisha spika hakutasaidia.

"Kodi ni ya wizi wa filamu"

Kodi haiji na filamu hata moja. Wanaoitengeneza wamekuwa wakiwakemea wazi wauzaji wa vidude vilivyopakiwa viongezo vya kuiba filamu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Aprili 2017 kwamba kuuza vidude vya namna hiyo ni kuvunja hakimiliki. Kosa liko kwenye vidude hivyo. Mwenye CD na video zake za harusi anaitumia Kodi kwa haki kabisa.

"Nifungue ruta ili niendeshe nikiwa kazini"

Usifanye hivyo. Ukurasa wa mlango 8080 ulikusudiwa mtandao wa ndani, na nywila inayopita kwa HTTP haijafichwa. Ukihitaji kuingia ukiwa mbali, weka VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti) kama WireGuard, uingie nyumbani kwa njia iliyofungwa.

"Kompyuta itachukua nafasi ya kila kitu"

Haitaweza, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuuza kifaa chochote. Chaneli za kulipia zinakuja zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya kadi au king'amuzi chenyewe, na kompyuta haina ufunguo huo. Huduma kama Netflix nazo hutazama usalama wa kifaa kabla ya kutoa picha ya juu, ndiyo maana akaunti ile ile inatoa picha kali kwenye TV na picha hafifu kwenye kompyuta ndogo. King'amuzi kibaki palepale, kimeunganishwa na TV kwa HDMI yake. Kompyuta inachoweza ni kukitumia amri: taa ya infraredi mbele yake, na kitufe kimoja kwenye simu kinachoigeuza TV ije kwenye tundu lake, kinachowasha sabufa na kuandika namba ya chaneli ya taarifa ya habari saa mbili kasoro dakika moja.