Je, wajua? Kumbikumbi wa kwenye taa sio wanaokula nyumba

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha Tanga, huja jioni moja hewa imetulia na kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya baraza. Madirisha yanafungwa, dawa inapulizwa, asubuhi mabawa yanafagiwa, na watu wanaona mchwa wa mwaka huo wamekwisha. Lakini kumbikumbi hao ndio wanaokula nyumba?

Sio wao. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, madume na majike waliotoka kwenda kuanzisha makao mapya. Huruka mara moja tu maishani, tena kwa shida, hutua, huangusha mabawa, kisha hufuatana wawili wawili kutafuta pa kuchimba. Mvua huingoja kwa sababu ardhi ya kiangazi ni ngumu na hewa kavu ingewaua. Makundi jirani ya aina moja huruka kwa wakati mmoja, dume wa huku akapata jike wa kule. Wengi huishia kwa kuku, kwa mijusi na kwenye vikaango. Wawili wanaosalimika huhitaji miaka kadhaa kabla kundi lao halijakua kiasi cha kutoa kumbikumbi wake. Kwa hiyo wingu lile halileti mchwa nyumbani kwako. Linakuambia kwamba kundi lililokomaa lipo mahali karibu.

Anayekula mlango ni mchwa mfanyakazi: mweupe, hana mabawa, katika aina nyingi hata macho hana, na taa haimhusu. Dawa ya kupuliza sebuleni haimfikii.

Cha kuangalia jioni hiyo ni wametokea wapi. Kama wamevutwa na taa kutoka nje, zima taa, fagia, yatosha. Kama wanachomoza kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya mwimo wa mlango, au mabawa yamelundikana ndani ya chumba kilichokuwa kimefungwa, basi kundi limo nyumbani au chini yake. Piga alama ya chaki pale pale kabla hujafagia. Kesho yake hutapaona.

Sasa, mfanyakazi huyo anafikaje kwenye boriti? Mwili wake ni laini na hukauka upesi. Mfikirie mchuuzi anayetoa samaki Sahare, ufukweni Tanga, saa sita mchana: huwafunika kwa gunia lililoloweshwa, la sivyo watakauka njiani. Mchwa naye hujenga gunia lake: njia ya udongo iliyochanganywa na mate, nene kama penseli au zaidi, inayopanda ukutani toka ardhini. Ndani mna giza na unyevu, na siafu hawampati kwa urahisi. Saruji haili, ila ufa wa milimita moja au mbili humtosha kupita, ndiyo maana nyumba ya tofali haijasalimika kwa kuwa ya tofali. Bomoa kipande cha sentimita 5 katikati ya njia hiyo, urudi baada ya siku mbili. Ikiwa imezibwa kwa udongo mbichi, wapo. Isipozibwa usishangilie bado. Huenda wamehamia njia nyingine.

Kinga bora huanza Februari, ardhi ikiwa haijalowa. Acha sentimita 15 za ukuta zionekane juu ya udongo, ondoa kuni na mabaki ya mbao za kumwagia zege, ziba bomba linalovuja. Ukitumia dawa ya udongo iliyosajiliwa, chimba mtaro kuzunguka nyumba, upana sentimita 15 na kina 30, bila kushuka chini ya msingi. Mimina lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo kwa kila mita moja ya mtaro, na udongo unaorudishia nao uloweshe. Karibu na kisima usiitie kabisa. Dawa isiyonusika kwa mchwa na inayoua polepole ndiyo ya kuchagua, kwani mchwa hulambana na kulishana, na aliyeigusa huwapelekea wenzake. Oili chafu hufukuza kwa muda tu, na huharibu maji.

Mbao nazo zitazame vizuri. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, kiini chake cha kahawia huwashinda mchwa kwa kiasi kikubwa, lakini sehemu nyeupe ya nje huliwa.

Pwani yupo pia mchwa wa mbao kavu, asiyehitaji udongo wala njia, hivyo mtaro haumzuii. Yeye huacha chembe ndogo ngumu chini ya kabati, kama ufuta, na ukizitazama kwa kioo cha kukuza zina pande sita. Unga laini ni wa mdudu mwingine, dumuzi. Fagia chembe, tandika karatasi nyeupe, ungoja wiki moja bila kugusa kabati, maana ukiligonga chembe za zamani nazo hudondoka. Zikionekana mpya, tafuta kitundu kilicho juu yake. Dawa ya mbao hudungwa humo kwa sindano, kisha kitundu kinazibwa.