Arosto ya pombe ndiyo ninayoiogopa

Kijana anayevuta unga, yaani heroini, huletwa na ndugu watatu wanne, wamemshika huku na huku asije akatoroka. Baba anayekunywa gongo kila siku huja na mkewe tu, na wakati mwingine huja peke yake kwa daladala. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nahudumia watu wanaoacha vilevi, na usiku nikibaki na wagonjwa hao wawili, jicho langu liko kwa yule baba.

Arosto ni yale mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea. Ya heroini ni mateso kwelikweli, lakini mtu mzima asiye na maradhi mengine, anayepata maji ya kutosha, ni nadra kufa nayo. Ya pombe inaua. Ubongo uliozoea kukandamizwa na pombe kila siku, miaka nenda rudi, hujiongezea kasi ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafla, ile kasi inabaki haina breki. Ndani ya saa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Wanaoanguka kifafa, wengi huanguka ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wachache huchanganyikiwa kabisa: anaokota kwenye shuka wadudu wasiokuwepo, anaongea na marehemu, mwili unachemka.

Tatizo ni kwamba wengi wa hawa hawakulazwa kwa ajili ya pombe. Mtu kagongwa na bodaboda, kapelekwa wodi ya mifupa, hakuna aliyemuuliza anakunywa kiasi gani. Siku ya tatu anang'oa dripu na kutaka kushuka kitandani na mguu uliovunjika. Ndugu wanasema kapandisha majini, shangazi analeta kombe. Sina ugomvi na kombe, mradi mgonjwa anaweza kumeza. Ila na diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, aipate, tena haraka.

Kwa hiyo ukija kwetu, maswali ya kwanza ni ya kuchosha: unatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Ndugu nawaomba wasubiri nje, maana mbele ya mama mzazi hakuna anayesema ukweli. Swali ninalolirudia ni la vidonge. Watumiaji wengi wa unga huchanganya na Valium, ambayo ni diazepamu hiyohiyo, na arosto ya vidonge hivyo nayo huleta kifafa, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshalegeza ulinzi. Aliyevitumia muda mrefu hupunguziwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Ukinificha hilo, umejificha mwenyewe.

Kwa mgonjwa wa pombe, kila baada ya saa chache nitakwambia unyooshe mikono mbele na kutanua vidole, nione vinavyotetemeka. Nitakupima presha, nitakuuliza leo siku gani, kama unaona au kusikia kitu. Majibu hayo tunayapa alama, na alama ndizo zinazotuongoza kuhusu kiasi cha diazepamu. Siku za mwanzo dozi ni kubwa, kisha inashushwa, na kwa wengi inaisha ndani ya wiki moja. Mwenye macho ya njano tunamchagulia dawa nyingine ya jamii hiyo, kwa sababu ini lililochoka linaichelewesha diazepamu mwilini.

Halafu kuna hili la dripu. Ndugu wanataka mgonjwa atundikiwe dripu "asafishwe damu". Dripu haisafishi damu. Tena mlevi wa muda mrefu kwa kawaida ana upungufu wa vitamini B1, na ukimwongezea glukosi kabla ya vitamini hiyo unaweza kumharibu ubongo. Ndiyo maana tunaanza na sindano ya B1, hata kama inaonekana tunachelewesha matibabu.

Arosto ya unga ina sura yake. Saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho inaanza miayo, machozi, makamasi kama ya mafua, malaika wanasimama mwilini. Kisha kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, miguu isiyotulia usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki hivi mwili unatulia, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Dawa za kuzuia kutapika, kuharisha na maumivu zinasaidia, lakini kwa wengi jibu zuri zaidi ni methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Kwa kawaida unainywa kila siku mbele ya mhudumu. Dozi ya kwanza mara nyingi haizidi miligramu 30, na mgonjwa atalalamika haimtoshi. Hatuongezi haraka, kwa kuwa methadoni hukawia kutoka mwilini na ya leo inaikuta ya jana. Mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla hata kidogo. Huyo moja kwa moja kwenye methadoni.

Bangi? Hasira, ndoto mbaya, kukosa hamu ya kula. Kwa kawaida haihitaji kulazwa.

Sasa ndugu, sikilizeni sehemu hii. Siku mnayomchukua akiwa msafi, ananenepa, anacheka, ndiyo siku ambayo unga ni hatari kwake kuliko zamani. Mwili umesahau. Kete ambayo mwezi uliopita ilimtuliza tu, leo inaweza kumkata pumzi. Nawaambia hivyo hata wale wanaotoka hapa kwenda sober house, nyumba wanakokaa wanaoacha vilevi, kwa sababu wengi huteleza, na kuteleza baada ya wiki mbili za usafi ndiko kunakoua. Ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, anapumua kwa nadra, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ukifika mlangoni tu sema ni unga. Kuna sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi kwa dakika chache, lakini daktari anayedhani ni malaria hataifikiria.