Majarida ya Wabunifu wa Tovuti: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kijana anayeanza kazi ya kubuni tovuti akiuliza asome nini, majibu anayopata huwa ya mkato. Mmoja atamwambia majarida yalishakufa, mwingine atamwambia video za YouTube zinatosha, wa tatu atamhakikishia kwamba chochote kilichochapishwa na jarida lenye jina ni cha kuaminika. Majibu yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo huwagharimu watu muda na pesa. Mimi nayathamini majarida haya, ya karatasi na ya mtandaoni, na ninaamini mbunifu asiyeyasoma anajinyima kitu. Ila lazima ajue anatafuta nini ndani yake.

Dhana: Ukiwa na Google na video, jarida halina kazi

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Injini ya utafutaji hukujibu ulichouliza. Menyu ikigoma kufunguka kwenye simu, utaandika tatizo lako na ufumbuzi utaupata ndani ya dakika chache. Hapo sina ubishi. Lakini hakuna mtu anayeweza kutafuta kitu ambacho hajui kama kipo.

Chukua mwaka 2010. iPhone ilikuwa sokoni tangu 2007, iPad ilikuwa imetoka Aprili mwaka huohuo, na wabunifu wengi walikuwa wakitengeneza tovuti mbili kwa mteja mmoja: moja ya kompyuta, nyingine ya simu, mara nyingi yenye anwani inayoanza na herufi "m". Tarehe 25 Mei 2010 jarida la mtandaoni A List Apart likatoa makala ya mbunifu Ethan Marcotte yenye kichwa "Responsive Web Design", yaani tovuti moja inayojirekebisha kulingana na skrini. Marcotte aliunganisha vitu vitatu: gridi inayopimwa kwa asilimia badala ya pikseli, picha zinazojibana kulingana na nafasi zilizopewa, na masharti ya CSS (lugha inayopanga sura ya ukurasa) yanayoangalia upana wa skrini. Vyote vitatu vilikuwepo tayari. Ila kabla ya makala ile, mbunifu asingeweza kuiandika mbinu hiyo kwenye Google, kwa kuwa hata jina haikuwa nalo.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme ukurasa una upana wa pikseli 960 na safu ya pembeni ina pikseli 300. Gawanya 300 kwa 960, unapata 0.3125. Badala ya 300px, andika 31.25% kwenye CSS. Safu hiyo sasa itachukua chini kidogo ya theluthi moja ya ukurasa, skrini iwe pana au nyembamba. Kwenye simu, ambako theluthi ni finyu mno kwa maandishi, sharti la upana litaishusha chini ya habari kuu na kuipa upana wote. Hesabu hii Marcotte alikwisha kuieleza kwenye jarida hilohilo Machi 2009, katika makala kuhusu gridi zinazonyumbulika. Na makala ya 2010 aliifungua kwa kumnukuu John Allsopp, ambaye Aprili 2000, palepale A List Apart, aliwahimiza wabunifu waache kuulazimisha ukurasa wa mtandao uwe kama karatasi.

Kwa hiyo ni miaka kumi ya wazo moja, kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine, chini ya uhariri wa jarida moja. Video itakufundisha kuandika sharti la upana, na utaliandika vizuri. Makala zile zinakueleza kwa nini tovuti mbili kwa mteja mmoja ilikuwa njia isiyofika popote: simu mpya hutoka kila mara, na kila moja huja na skrini yake. Ukiielewa sababu hiyo, utajua la kufanya hata siku itakapotokea skrini ambayo hakuna aliyeirekodia video. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi hasa ya jarida. Mhariri anachagua, anakata, anamrudishia mwandishi makala aifikirie upya, na msomaji anaonyeshwa swali ambalo hakujua alikuwa nalo.

Dhana: La karatasi hupitwa na wakati, la mtandaoni halipitwi

Nusu ya kwanza ni kweli kwa habari. Jarida la .net la kampuni ya Future ya Uingereza, lililoanza 1994 na kufungwa 2020, liliandaliwa wiki kadhaa kabla ya kumfikia msomaji, kama yalivyo majarida yote ya karatasi. Leo, ambapo Chrome hutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne au chini ya hapo, kununua jarida la karatasi ili ujue vivinjari vimeongeza nini ni kupoteza pesa. Kwa hilo ingia MDN, tovuti ya marejeo ya teknolojia za mtandao, bure.

Nusu ya pili ndiyo yenye hatari. Oktoba 2003 Douglas Bowman alieleza, A List Apart, namna ya kutengeneza vichupo vya menyu vyenye kona za mviringo kwa kutumia picha mbili za nyuma zinazoteleza moja juu ya nyingine, ili kichupo kitanuke maandishi yanapoongezeka. Ilikuwa akili kubwa kwa vivinjari vya wakati ule. Leo kazi ya kona inafanywa na mstari mmoja wa border-radius, amri ya CSS. Machi 2004 Dave Shea akaeleza mbinu ya kukusanya picha ndogo nyingi ndani ya faili moja, kisha kuonyesha kipande kinachotakiwa. Mbinu hiyo ilisaidia kwa sababu kivinjari kilikuwa kikiomba picha mojamoja, na kila ombi lilikula muda. HTTP/2, toleo jipya la kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ilipokuja mwaka 2015, maombi mengi yakaweza kupita kwa pamoja kwenye muunganisho mmoja, na faida ya kujisumbua hivyo ikapungua sana.

Makala hizo zote mbili zilikuwa sahihi, na mbunifu anayezisoma leo bado atajifunza namna ya kufikiri ndani ya mipaka. Ila msimbo wake si wa kunakili. Jarida la karatasi la 2004 linaonyesha umri wake: karatasi imebadilika rangi, matangazo ni ya bidhaa ambazo hazipo tena. Makala ya mtandaoni ya mwaka huohuo inafunguka safi kwenye simu yako kama ya jana. Mwanafunzi anaangukia humo kupitia utafutaji, ananakili, na mteja anapewa tovuti iliyojengwa kwa matatizo yaliyokwisha. Tarehe isomwe kabla ya kichwa.

Wala karatasi haijakosa kazi. Mwaka 2012 Kai Brach, mbunifu wa tovuti aliyekuwa Melbourne, alianzisha Offscreen, jarida la karatasi lililowahoji watu walio nyuma ya teknolojia kuhusu kazi na maisha yao. Mazungumzo ya namna hiyo hayaharibiwi na toleo jipya la kivinjari, na hapo ndipo karatasi inapofaa.

Dhana: Kuiga kurasa za jarida zuri ndiko kujifunza ubunifu

Aliyepanga ukurasa wa A4 anajua utabaki milimita 210 kwa 297 siku zote. Rangi zake ni wino wa CMYK, zako ni mwanga wa RGB. Ukiuhamisha mpangilio wake kama ulivyo, unahamisha pia uhakika ambao wewe hunao.

Lakini jarida lolote la karatasi, hata la mitindo unalolikuta saluni, ni darasa zuri ukilisoma kwa rula mkononi. Hesabu safu zilizojificha chini ya ukurasa. Pima kichwa cha habari ni kikubwa mara ngapi kuliko maandishi ya kawaida. Hesabu herufi katika mstari mmoja. Kisha ujenge ukurasa huo kwa CSS Grid, sehemu ya CSS ya kupanga ukurasa kwa safu, ambayo iliingia Chrome, Firefox na Safari ndani ya mwezi mmoja, Machi 2017. Ukimaliza, bana dirisha hadi upana wa simu, na ujiulize kipi kitangulie na kipi kishuke. Swali hilo la mwisho mpangaji wa karatasi hakuwahi kulazimika kulijibu, na ndipo kazi yako inapoanzia.

Dhana: Ya mtandaoni ni bure na yatakuwepo daima

Smashing Magazine, lililoanzishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 2006 na Sven Lennartz na Vitaly Friedman, liliishi sana kwa matangazo. Wasomaji wake ni watu wanaojua kuweka vizuia matangazo, na waliviweka. Mwaka 2017 likaja na tovuti mpya na uanachama wa kulipia. CSS-Tricks, aliyoianzisha Chris Coyier mwaka 2007, iliuzwa kwa DigitalOcean mwaka 2022, na baada ya hapo kikapita kipindi makala mpya zikakauka kabla ya kurejea. 24 ways, iliyokuwa ikitoa makala moja kila siku kuelekea Krismasi tangu 2005, ilisimama baada ya 2019.

Makala iliyokusaidia ihifadhi kwenye mashine yako. Ukiikosa, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani. Na pesa yako ya kwanza usiitumie kuagiza majarida ya karatasi kutoka Ulaya, kwani nauli peke yake inaweza kuzidi bei ya jarida. Kumbukumbu za A List Apart na Smashing ziko wazi, nunulia bando. Ukianza kulipwa na wateja, lipia uanachama wa lile moja unalolitumia kweli, maana mhariri naye anakula kwa kazi yake.

Dhana: Yanaandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, hayatuhusu

Wazo ambalo majarida haya yamelitetea kwa nguvu ni la kujenga kwa tabaka: kwanza HTML (maandishi na muundo wa ukurasa) inayojitosheleza, juu yake CSS ya kupendezesha, mwishoni JavaScript (programu ndogo zinazoendeshwa na kivinjari) ya kuongeza urahisi. Steven Champeon alilipatia jina la "progressive enhancement" mwaka 2003, na Aaron Gustafson akalifafanua A List Apart mwaka 2008. Sasa mfikirie mtu anayetafuta tiketi ya basi la Dar kwenda Mwanza, ana simu ya bei nafuu na kivinjari cha Opera Mini kilichowekwa kiwango cha juu cha kubana data. Ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hubanwa, kisha humfikia, na JavaScript inayofanyika ni kidogo. Kama fomu yako imejengwa kwa JavaScript tupu, anaweza kubonyeza "Tafuta" na kitu kisitokee. Kama ni fomu ya kawaida ya HTML yenye kitufe cha kweli cha kutuma, atapata orodha ya mabasi. Ushauri ulioandikwa kwa msomaji wa Chicago unamfaa abiria wetu kuliko hata huyo aliyeandikiwa.

Mahali ambapo wanaosema majarida haya hayatuhusu wana haki ni kwenye malipo. Mifano yake huwa ya kadi ya benki: namba kumi na sita, tarehe, namba tatu za nyuma. Mteja wetu analipa kwa M-Pesa. Anaandika namba ya simu, ombi la kuweka PIN linamtokea kwenye simu, na wakati huo tovuti inasubiri. Mtandao ukichelewa, hajui kama amelipa au hajalipa, na simu ile aliyoshika ndiyo hiyohiyo iliyofungua tovuti. Ukurasa wa kusubiri umwambie nini? Kitufe cha kujaribu tena kitokee baada ya sekunde ngapi, na kizuiwe vipi asikatwe mara mbili? Makala ya maswali hayo, iliyohaririwa vizuri na yenye tarehe, iandikwe na wabunifu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoyashughulikia kila siku, na iandikwe kwa Kiswahili.