Ugali hauna kosa: vitafunwa vinavyoshibisha bila kuzidisha kalori

Katika kliniki yetu ya lishe hapa Mwanza, kila anayetaka kupunguza uzito tunampa daftari dogo aandike chochote kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, hata zile karanga mbili alizodokoa kwa mtoto. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alirudisha la kwake likiwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza: UGALI NIMEACHA. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye wateja wanaosubiri: "Saa 4 chai, hafukeki 2. Saa 8 karanga, soda. Saa 11 karanga tena." Usiku samaki na mboga, basi.

"Daktari," akaniambia (mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, lakini nilishachoka kusahihisha), "mwezi mzima sijagusa ugali na kilo ziko palepale. Hii mizani yenu ni nzima kweli?"

Mizani ilikuwa nzima. Tukavuta kiti, tukapiga hesabu. Hafukeki za ukubwa wa hapa mjini hazipungui kalori 200 kila moja. Pakiti ya karanga za kukaanga yenye gramu 50 ina kalori kama 290, na alikula mbili. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu kalori 150, na sukari yake inakaribia vijiko tisa vya chai. Jumla inapita kalori 1,100. Sasa ule ugali alioufukuza: bonge la gramu 300 limebeba unga wa takribani gramu 100, uliobaki ni maji, na unga wa mahindi una kalori kama 360 kwa gramu 100. Yaani alifukuza kalori 360 mlangoni, zikaingia 1,100 dirishani. Na jioni njaa bado inamuuma.

Nimekutana na daftari za namna hii nyingi mno. Watu wameshika kwamba wanga ndio unaonenepesha, kwa hiyo adui ni ugali, wali, viazi na muhogo. Lakini gramu moja ya wanga ina kalori 4, sawa na gramu moja ya protini. Gramu ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo ukiona chakula cha wanga kimejaa kalori, kabla hujakilaumu uliza mambo mawili: maji yake yamekwenda wapi, na mafuta yameingia kiasi gani?

Chukua kiazi mviringo. Kikiwa kibichi, karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Ukikichemsha, maji yanabaki humo humo, na gramu 100 zinakupa kalori kama 87. Ukikikata ukakitumbukiza kwenye karai, ule mlio wa kuchachatika unaousikia ni maji yanayotoka kwa mvuke, na mafuta yanaingia kuchukua nafasi yake. Gramu 100 za chipsi zinafika kalori 300 hivi. Kikikatwa vipande vyembamba kama karatasi na kukaangwa hadi kikauke kabisa, ndiyo kirisipi, gramu 100 zinapita kalori 500. Kiazi ni kilekile. Zege ya barabarani, yenye chipsi, mayai mawili na mafuta ya kukaangia mara ya pili, sina haja ya kuisemea sana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na anayekaanga hapimi kwa kijiko.

Sasa upande wa shibe. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walichukua vyakula 38, wakavipima kila kimoja kwa kiasi chenye takribani kalori 240, wakawapa watu wale, kisha kwa saa mbili wakawa wanawauliza wanajisikiaje. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo. Kiazi cha kuchemsha kiliongoza vyote kwa alama 323. Samaki alipata 225, machungwa 202, ndizi mbivu 118. Karanga zilipata 84, donati 68, keki 65. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, na kwenye meza yao hakukuwa na ugali wala muhogo, kwa hiyo sitaki mtu akariri hizo namba kama jedwali la kuzidisha. Ila mpangilio wake unalingana na ninachokiona kwa watu wangu kila wiki: chakula chenye maji mengi, nyuzinyuzi na protini kinatuliza tumbo, na chenye mafuta na sukari kinapita kama mgeni asiyekaa.

Sababu si za ajabu. Tumbo lina hisia ya kutanuka, na linahesabu ujazo kabla ya kuhesabu kalori. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha gramu 200, ambacho hakipiti sana kalori 160, kinajaza kiganja na kinakulazimisha kutafuna. Hafukeki moja yenye kalori 200 na zaidi inaisha kabla chai haijapoa. Taarifa ya kushiba nayo inachelewa kufika kichwani, yaweza kuchukua dakika 20 hivi, na vyakula laini vyenye mafuta huwa vimeshamalizwa zamani. Soda ndiyo hovyo zaidi: kalori za kunywa tumbo halizitilii maanani, mtu anakunywa 150 na chakula cha usiku anakula vilevile.

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa tuna mfano mwingine ambao vitabu vingi vya lishe havinao, nao ni michembe na matobolwa. Kwa msomaji asiye wa huku: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa juani, matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa. Ni akiba ya Wasukuma ya miezi ya njaa, na ni akili kubwa, kwa sababu kiazi kibichi hakikai. Lakini jua limefanya kazi ile ile ya karai, bila mafuta: limeondoa maji. Michembe iliyokauka vizuri ina kalori zinazokaribia za unga, mara nne au zaidi ya kiazi cha kuchemsha kwa uzito uleule.

Mama wa dagaa aliponisikia akashtuka, maana mama mkwe wake wa Misungwi alikuwa amemletea gunia zima. Nikamwambia gunia halina tatizo. Michembe ikichemshwa inarudisha maji, inavimba, na ukila bakuli umekula chakula kilichojaa maji tena, chenye uzito wa kushibisha. Shida iko kwenye matobolwa, kwa sababu yanalika yakiwa makavu. Yanakaa kwenye droo ya ofisini au kwenye mfuko wa koti, unatafuna moja baada ya jingine ukiangalia simu, na mkono hauachi. Nilichukua matobolwa yaliyojaa mkono mmoja nikayaweka kwenye mizani mbele yake, kisha upande wa pili nikaweka kiazi kizima cha kuchemsha. Kiazi kilikuwa kizito kuliko matobolwa mara nne hivi, na kalori hazikupishana sana. Akavitazama kwa muda, akauliza kama anaweza kuyaloweka. Anaweza. Maji ya moto nusu saa, yanalainika na kuvimba, na ladha ile ya utamu haiendi popote.

Michembe ina desturi ya kupikwa na karanga, na ni tamu kweli. Hapo pima karanga. Sisemi karanga ni mbaya. Zina protini, zina mafuta yanayofaa moyo, na mtu anayehangaika kuongeza uzito ninamwandikia. Ila karibu hazina maji. Karanga za gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja kisichofurika, zina kalori karibu 170. Kwa hiyo nunua zile za kwenye kikaratasi kidogo, kula, funga hesabu. Mfuko wa nusu kilo mezani wakati wa mpira ni kalori zaidi ya 2,800, ambazo kwa watu wengi ni chakula cha siku nzima na chenji inabaki.

Muhogo una kalori nyingi kuliko viazi, kwa sababu una maji machache: ukiwa mbichi gramu 100 zina kalori kama 160. Kipande cha kuchemsha au cha kuchoma chenye kachumbari na pilipili kinafaa sana jioni. Ule wa kukaanga unabeba mafuta yake juu ya hizo. Na wale wenye mazoea ya kutafuna muhogo mbichi, wauache, hasa ule mchungu. Uchungu ni dalili ya sumu ya sayanidi, ingawa hata usio mchungu unaweza kuwa nayo ukiwa mbichi, na ndiyo maana wazee waliuvundika na kuuanika kabla ya kuusaga.

Kitu kimoja kinachobadilisha kila kitu ni kumpa wanga mwenzake. Kiazi kitupu kinashibisha, lakini kiazi na yai la kuchemsha vinakufikisha mbali zaidi, kwa sababu protini inachelewesha njaa kurudi. Yai moja lina kalori 70 hadi 80 tu. Wale vijana wanaopita na ndoo ya mayai na kikopo cha pilipili pale stendi ya Nyegezi wanauza kitafunwa bora kuliko karibu kila kilichopangwa kwenye kabati la kioo la mgahawa, na ninasema hivyo kama mtaalamu, sifanyi utani. Dagaa je? Mtu anayeishi hatua chache kutoka ziwani hana sababu ya kununua unga wa protini wa kopo. Dagaa waliochemshwa na nyanya, kiganja kimoja, pamoja na kiazi, ni mlo mdogo uliokamilika. Supu ya sato isiyo na mafuta ya kuelea ni hivyo hivyo. Wale dagaa wa kukaanga wakauke wanaouzwa kwenye mifuko nao wana protini, lakini mafuta wameyanywa, kwa hiyo waende kidogo kidogo.

Matunda nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana ubishi mkubwa. Chungwa moja la wastani lina kalori 60 au 70. Ukienda Ukerewe msimu wake utakula matatu na hakuna atakayekuhukumu. Tofauti iko kwenye juisi: ukiyakamua manne unakunywa sukari ya manne kwa dakika moja, na zile nyuzi za kukushibisha zimebaki kwenye chujio. Tango na chumvi kidogo, kipande cha nanasi la Geita, kipande cha tikiti, vyote ni maji zaidi kuliko kitu kingine. Mahindi ya kuchoma nayo ni sawa, yakiwa mabichi kiasi. Hindi lililokomaa likakauka ni nafaka kamili, lihesabie hivyo.

Kuna swali la kiporo, ambalo vijana wamelitoa mtandaoni: eti chakula cha wanga kikilala kikapoa, kalori zake zinapungua? Ni kweli kwamba wali, viazi au ugali vikipoa, sehemu ya wanga wake hubadilika ikawa ngumu kumeng'enywa, ikafanya kazi kama nyuzinyuzi. Faida ni ndogo, usiifanye dini. Kiazi kitamu cha jana na chai isiyo na sukari nyingi ni kifungua kinywa kizuri tangu enzi za bibi. Wali uangalie zaidi: ukiachwa sufuriani usiku kucha kwenye joto letu, vijidudu vyake huacha sumu inayoweza kukutapisha au kukuharisha hata ukiupasha moto. Uweke kwenye friji mapema, au usiuache kabisa.

Muda nao una kesi yake. Watu wengi hapa wanakula mchana saa 7, na usiku mpaka saa 3. Hayo ni masaa manane, na anayejifunga mkanda katikati yake anafika nyumbani akiwa tayari kula sufuria. Kwa hiyo simkatazi mtu kitafunwa cha saa 11 jioni. Namkataza kukutana nacho njiani bila mpango, kwa sababu njiani kinachonukia zaidi ni kile kilichotoka kwenye karai.

Tahadhari moja isirukwe. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usipunguze wanga ghafla kabla ya kuongea na anayekutibu, kwani dozi iliyopangwa kwa sahani ya zamani inaweza kukushusha sukari hadi uanguke. Na mjamzito, anayenyonyesha au mtoto anayekua hawahesabiwi kalori kwa makala ya gazeti, waje kliniki.

Daftari la pili la mama wa Mwaloni lililetwa mwezi uliofuata likiwa na harufu ya dagaa. "Ugali wa ngumi moja, sato, mlenda. Saa 11 kiazi na yai. Karanga ya kikaratasi. Soda J2." Kilo moja na nusu zilikuwa zimepungua. Akasema ni kidogo, jirani yake alipunguza tano kwa kunywa maji ya ndimu. Nikamuuliza jirani sasa ana kilo ngapi. Akacheka, akafunga daftari, akaniachia kikopo cha dagaa mezani, waliochemshwa.